Firigisi ya Kiranja wa Kusoma

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani hii ya juzi tu ambayo mimi nilikuwa nimeshaota ndevu, palikuwa na shule ya msingi nyuma ya kiwanda cha kukamua alizeti. Mashine ikiunguruma, walimu walipaza sauti. Walimu wakipaza sauti, watoto walipaza zaidi. Ikawa ndiyo desturi ya shule ile: mtoto hodari ni yule anayesikika.

Na katika darasa la kwanza alikuwamo mmoja anayesikika mpaka barabarani. Aliitwa Sikitu, binti wa Mzee Mghenyi, fundi wa mashine hiyo hiyo. Mwalimu Ntandu akigonga ubao kwa kijiti na kusema, "Someni!", darasa zima liliimba pamoja, na juu ya sauti zote ilipanda ya Sikitu:

"Kuku wa baba ni mweupe! Kuku wa baba ana vifaranga! Vifaranga wa kuku wanakula pumba!"

Mwalimu Ntandu alikuwa mtu mwema mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati. Sauti ile ilimpa raha. Akamfanya Sikitu kiranja wa kusoma, akamkabidhi na kijiti. Wakija wageni, aitwe Sikitu. Ukifanyika mkutano wa wazazi, aitwe Sikitu. Mzee Mghenyi akawa anatembea kiwandani kifua mbele, akimwambia kila anayeleta magunia, "Binti yangu huyo unayemsikia. Anasoma."

Mpo? Basi sikilizeni jambo lenyewe. Sikitu hakujua kusoma. Hakujua hata herufi moja.

Kitabu kile kilikuwa kimesomwa nyumbani kwao na kaka zake, mmoja baada ya mwingine, tangu yeye anabebwa mgongoni. Alikuwa nacho chote kichwani. Kwa muda mrefu aliamini kwamba kusoma ndiko huko: unashika kitabu, unatazama mbele, unaimba. Siku alipogundua kwamba wenzake wanatazama vile vidudu vyeusi, na vidudu vinawaambia kitu, aliingiwa na hofu ya kweli. Lakini kiranja atamwuliza nani? Kiranja haulizi, kiranja ndiye anayeulizwa. Akafunga siri yake moyoni na kuongeza sauti.

Kilichomshinda ni kimoja tu: hakujua ukurasa unaishia wapi. Hapo ndipo alipomhitaji Nyamizi, jirani yake wa dawati. Nyamizi alisoma vizuri kabisa, ila kwa sauti ndogo isiyomfikia mtu, kwa hiyo hakuna aliyejua. Ukurasa ukiisha, Nyamizi alimgonga Sikitu kwa goti chini ya dawati, naye Sikitu akafunua. Kwa kazi hiyo Nyamizi alilipwa nusu ya kiazi kitamu kila asubuhi.

Siku moja Sikitu akala kiazi chote.

Asubuhi ile Nyamizi hakumgonga. Alikaza magoti yake. Sikitu akasimama, akaimba ukurasa wa kwanza, akaimba wa pili, akaimba wa tatu, kitabu hakijafunuliwa, kiko pale pale kwenye picha ya jogoo wa jalada. Nyamizi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, Sikitu hasomi. Anaimba."

Darasa zima likageuka. Sikitu alikificha kitabu mgongoni.

"Nyamizi," alisema Mwalimu Ntandu, "wivu huo umeutoa wapi? Mwenzako ana kipaji, wewe unamchongea. Njoo upige magoti hapa mbele."

Nyamizi akapiga magoti mpaka kengele ya uji ilipolia. Wenzake wakampa jina la Mchongezi, na Sikitu akaendelea kuimba. Alikuwa ameokolewa, na ndiko kulikomuuma. Kila alipotazama magoti yale yenye vumbi, aligeuza uso ndipo akaimba.

Haukupita muda, akaja Dada Eliwaza. Huyu alikuwa mwanasaikolojia wa elimu, ametoka chuo cha ualimu, anafanya utafiti wa namna ya kuwapima watoto mapema, kabla hawajabaki nyuma.

"Kawaida yetu," aliwaambia walimu, "tunangoja mtoto afike darasa la nne, ndipo tunashtuka kwamba hajui kusoma. Hapo tumeshachelewa. Mimi nataka kumwona kila mtoto wa darasa la kwanza, mmoja mmoja, peke yake."

"Anza na kiranja wangu," alisema Mwalimu Ntandu, "upate moyo wa kazi."

Chumba pekee chenye utulivu kilikuwa stoo ya majembe. Wakakaa humo, mtafiti juu ya ndoo, kiranja juu ya gunia. Sikitu aliomba kwenda chooni. Akaenda. Aliporudi akaomba kwenda tena. Dada Eliwaza akamwambia, "Nenda, nitakungoja." Mtu anayekungoja hivyo utamkimbiaje? Sikitu akakaa.

Kwanza zikaja picha. Dada Eliwaza alimwonyesha friji.

"Hiki ni nini?"

"Kabati la nguo."

"La nani?"

"La mtu mwenye nguo chache. Ni jembamba."

Dada Eliwaza akacheka, akaiweka picha kando. "Hilo ni kosa la picha yangu, wala si lako. Haya, nisomee kitabu chenu."

Sikitu akakishika, akamtazama mjusi ukutani, akasoma mpaka mwisho bila kukosea. Dada Eliwaza hakupiga makofi. Alifungua mkoba, akatoa ukurasa mpya ambao hakuna mtoto wa shule ile aliyewahi kuuona, wenye picha ya lori.

"Na hapa?"

Sikitu aliutazama ukurasa. Ukurasa nao ukamtazama. Kisha akafanya kile ambacho kilikuwa hakijawahi kumwangusha: akapaza sauti.

"Kuku wa baba ni mweupe!"

"Kuku yuko wapi hapo?"

"Amepanda lori."

"Haya. Neno 'baba' linaanza na sauti gani?"

"Kubwa," alisema Sikitu. "Kwa sababu ya mashine."

Safari hii Dada Eliwaza hakucheka. Alishuka kwenye ndoo, akachuchumaa mbele yake, akaweka ukurasa ule chini. Sikitu akaangua kilio.

"Usimwambie mwalimu, dada. Atanivua ukiranja."

"Kuna mwingine anayejua?"

"Nyamizi. Alisema. Akapigishwa magoti."

Jioni ile ile mtafiti aliwaweka pamoja mwalimu na mzazi, nyumbani kwa kina Sikitu. Akawaeleza taratibu: mtoto ana akili nyingi, na akili hizo ndizo zilizomsaidia kujificha. Anayakumbuka maneno, ila hajui kwamba neno linakatika vipande vya sauti, wala kwamba kila herufi inabeba sauti yake. "Akisaidiwa sasa, atafika. Tukimwacha aimbe, ataimba mpaka darasa la saba."

Mwalimu Ntandu alikuwa anafikicha chaki vidoleni. Alichosema mwisho ni, "Nilimpigisha magoti yule mtoto mwingine."

Mzee Mghenyi alikuja juu. "Mwanangu hajui kusoma? Kiranja wa kusoma hajui kusoma? Sikitu! Njoo hapa!" Akachomoa pakiti ya chumvi jikoni. "Wasomee hawa! Wasomee hapo palipoandikwa!"

Sikitu akaishika pakiti, akajikohoza. "Kuku wa baba ni mweupe," alisoma.

Mzee Mghenyi aliigeuza pakiti upande huu, akaigeuza upande ule, labda alitarajia kumwona kuku. Halafu, kwa hasira na aibu ya baba, akatamka neno ambalo hakuna aliyemlazimisha kulitamka. "Basi nasema hivi. Atakayemfanya mtoto huyu asome kweli kweli, atakula firigisi ndani ya nyumba hii!"

Mama Sikitu aliyekuwa jikoni aliangusha mwiko. Msicheke. Firigisi mnaijua: kuku mzima ana moja tu, na katika nyumba nyingi ni ya baba. Katika nyumba ya Mzee Mghenyi ilikuwa ya baba kuliko nyumba zote. Shemeji zake walikuja wakala paja. Shehe alikuja akala kidari. Firigisi hakuwahi kuionja kiumbe mwingine. Kwa hiyo aliposema vile, mji mzima ulijua kwamba jambo la Sikitu si la mchezo.

Kazi ikaanza. Dada Eliwaza alipanga zoezi: sauti chache kwa wakati, neno likatwe kwa makofi, ba kofi, ba kofi, halafu herufi zake zitafutwe kwa kidole. Kidogo kidogo, lakini kila siku, shuleni na nyumbani. Akarudi chuoni kwake. Kila baada ya muda alikuja, akampima tena, akaona wapi amekwama, akabadilisha zoezi.

Shuleni, Mwalimu Ntandu alimwomba Nyamizi radhi mbele ya darasa zima, jambo ambalo watoto walilisimulia nyumbani kama habari ya kupatwa kwa jua. Akaacha kuimbisha. Akawa anamsikiliza kila mtoto peke yake, sikio karibu na mdomo. Darasa likawa kimya mpaka mwalimu mkuu akaja mbio kuuliza nani amewaruhusu watoto waende nyumbani. Saa ya uji, walimu wenzake walipokaa ofisini kupiga soga, yeye alibaki na Sikitu na wengine waliogundulika kwamba nao walikuwa wanaimba tu. Walikuwa si haba.

Na Nyamizi? Alibaki kwenye dawati lile lile, magoti yakiwa mbali. Sikitu akimwuliza, "Hapa pameandikwaje?", alijibu, "Soma mwenyewe." Sikitu akimletea kiazi, alikula kiazi, halafu akajibu, "Soma mwenyewe."

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Baba yuko kwenye mashine, mama yuko shambani, kaka wameshaenda zao mijini. Mtu mzima aliyebaki ni Bibi Mwanne, mama yake Mzee Mghenyi, anayepukuchua alizeti uani mchana kutwa.

"Mimi?" alishangaa Bibi Mwanne alipoombwa. "Mwanangu Eliwaza, mimi shule niliiona kwa nje."

"Ndiyo vizuri, bibi. Yeye atakufundisha wewe."

Basi Sikitu akamfundisha bibi yake. Alipanga mbegu za alizeti kwenye ungo, akatengeneza herufi. Na ole wake akijaribu kuimba.

"Usiniimbie, mke mwenzangu," bibi alimtania. "Babu yako alinidanganya kwa nyimbo, akanioa. Wewe nionyeshe kwa kidole. Huyu nani?"

"M, bibi."

"Anasemaje?"

"Mmm."

"Anamwomboleza nani?"

Sikitu akacheka, akaeleza. Bibi akaelewa, akafurahi, akashika M. Kesho yake amesahau yote. Sikitu akaanza upya. Keshokutwa bibi amesahau tena, hata anauliza kwa nini mbegu zake zimepangwa upuuzi. Sikitu alilia kwa hasira, akaanza upya. Kama bibi alisahau kweli au alikuwa anafanya kusudi, hakuna aliyewahi kujua, na mwenyewe ukimwuliza anasema amesahau.

Sasa siku hiyo Sikitu ametumwa kumpelekea baba yake chakula kiwandani. Anapita pale getini anapopita siku zote. Kuna kibao, kipo tangu hajazaliwa. Macho yake yakatua juu yake, na vile vidudu, kwa mara ya kwanza, havikukaa kimya. Mmm. Ma. Akasimama. Shu. Chakula kinapoa. Du. Halikuwa neno la kitabuni, hakuna aliyemwimbia, hakuna aliyemgonga goti.

"Mashudu," alinong'ona Sikitu. Kisha, "Mashudu ya-na-u-zwa. Mashudu yanauzwa! Baba! Mashudu yanauzwa!"

Mzee Mghenyi alidhani kuna mnunuzi wa mashudu, yale makapi ya alizeti wanayolishwa mifugo. Akatoka mbio, akamkuta binti yake anakionyesha kibao kwa kidole, machozi yanamtoka. Alirudi ndani akazima mashine. Mtaa mzima ulishtuka kwa ule ukimya. Halafu mzee akamnyanyua Sikitu, mtoto mkubwa yule, akamsomesha kile kibao tena na tena, naye analia bila kujificha.

Kuku akachinjwa. Alikuwa mweupe, na watu walisema hilo ni la kutungwa, lakini ndiye aliyekuwapo. Mkeka ukatandikwa uani, wakaitwa wote, na Nyamizi naye. Pilau ikaja, nyama ikaja, na katikati, katika kibakuli chake cha peke yake, ikaja firigisi.

"Niliahidi," alisema Mzee Mghenyi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeaga ndugu. "Aliyemfanya mtoto huyu asome, asogee."

Wakasogea wote.

"Mzee," alianza Mwalimu Ntandu, "mimi ndiye mwalimu wake. Nimeacha uji wangu, nimeacha soga, nimemsikiliza herufi kwa herufi. Nilikosea, nakubali. Lakini nilikubali mbele ya watoto, na hilo si kila mtu analiweza. Kama ningekaidi, angekuwa anaimba mpaka leo."

"Ulimfanya kiranja wewe," alisema Bibi Mwanne. "Mtu achome nyumba, azime moto, kisha adai zawadi ya kuzima? Mwanangu Mghenyi, firigisi haina mjadala. Kila siku nimekaa na mtoto. Wengine walikuja na kuondoka, mimi nilikuwapo. Tena haina mfupa, natafuna bila shida."

"Bibi, ulikaa naye vizuri," alisema Dada Eliwaza, "lakini ulikaa naye pia kabla sijaja, akakuimbia kitabu kizima, ukapiga vigelegele. Bila kupimwa peke yake, mngeendelea kushangilia. Mimi ndiye niliyeona ugonjwa na kutoa dawa." Alikuwa mtu wa haki, akaongeza, "Ingawa dawa sikuinywesha mimi."

Ndipo ikasikika sauti ndogo, na safari hii watu wote walinyamaza wakaisikia.

"Mimi nilisema kwanza," alisema Nyamizi. "Kabla ya dada. Nikapigishwa magoti, nikaitwa Mchongezi, na hadi leo wengine wananiita."

"Ulisema kwa sababu ya kiazi!" alimaka Mwalimu Ntandu, ambaye Sikitu alikuwa ameshamweleza yote.

"Ndiyo," alisema Nyamizi. "Lakini nilisema kweli."

Wakaanza kubishana. Mwalimu anasema, bibi anasema, mtafiti anasema, kila mmoja ana haki yake na kila mmoja ana doa lake. Mama Sikitu akapenyeza kichwa. "Amueni upesi, inapoa." Mkono wa Mzee Mghenyi ulishaanza kutambaa mkekani kuelekea kwenye kibakuli, wenyewe tu, kwa mazoea. Bibi Mwanne akauchapa kwa kijiko.

"Basi!" alisema mzee. "Aliyesoma ni Sikitu. Sikitu ndiye atakayetoa."

Sikitu akapewa kibakuli. Akasimama nacho, chepesi mkononi, kizito sana moyoni. Alimpenda kila mmoja pale kwa namna yake. Hata Nyamizi. Hasa Nyamizi, na aibu juu yake. Akawaza, na mimi je, vidole vyangu vilivyopanga mbegu mpaka vikachubuka? Nani ametaja jina langu?

Na hapo, nyuma ya migongo ya watu wazima, akasikia sauti. Ilikuwa ya mdogo wake, Semeni, atakayeanza darasa la kwanza mwakani. Amekaa kizingitini, amekishika kile kitabu, jogoo kichwa chini miguu juu, macho yapo kwenye kuku wa jirani.

"Kuku wa baba ni mweupe!" Semeni aliimba. "Kuku wa baba ana vifaranga!"

"Eh!" Mzee Mghenyi aligeuka, uso umemng'aa. "Mnamsikia huyo? Huyo naye kiranja!" Na wote pale, mwalimu na bibi na mtafiti mwenyewe, kwa mazoea, wakapiga makofi. Nyamizi hakupiga. Alikodoa macho, akafungua mdomo, halafu akayatazama magoti yake, akaufunga.

Sikitu aliona vyote viwili. Akajua kwamba yeyote atakayempa kibakuli hiki leo, watu watajifunza kwake, na Semeni atapata kesho kile walichokienzi leo: masikio ya mwalimu, au vipimo vya mtafiti, au uvumilivu wa bibi, au ulimi wa mchongezi.

Makofi yakaisha. Wakamgeukia, wanangoja. Na mimi namwacha hapo hapo alipo, kibakuli mkononi, maana hapa nilipo sijui.

Haya, nyie mnaonitazama kana kwamba firigisi ninayo mimi: mngekuwa Sikitu, mngempa nani?